"Hana Damu, Hana Neno": Mambo Tunayoyaamini Kimakosa Kuhusu Majeraha ya Ajali za Barabarani

Leo tutazungumza kuhusu majeraha ya ajali za barabarani, na hasa yale mambo tunayoyaamini kuyahusu ambayo si ya kweli.

Sisi wa Eastlands tunaishi na barabara mlangoni. Watoto wa Umoja na Kariobangi South wana Outer Ring Road. Wa Makadara, Jericho na Maringo wana Jogoo Road. Wa Komarock na Kayole wana Kangundo Road na Spine Road. Wa Huruma na Mathare wana Juja Road. Hata ndani ya mtaa, mbele ya ploti, boda boda zinapita mahali watoto wanapochezea mpira.

Kwa mujibu wa NTSA, zaidi ya watu 4,700 walikufa barabarani hapa Kenya mwaka wa 2024, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu wanaotembea kwa miguu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni. Kwa hivyo mama, hili ni jambo la afya ya mtoto kama vile malaria na nimonia.

Wengine hufariki papo hapo, na hao hatuna la kuwafanyia. Lakini wako wanaotoka barabarani wakiwa hai, kisha wakapotea kwa sababu ya yale waliyofanyiwa, au yale ambayo hawakufanyiwa, katika saa chache zilizofuata. Hao ndio tunaoweza kuwaokoa. Basi tuzitazame dhana hizo moja baada ya nyingine.

Dhana ya kwanza: "Mtoeni haraka, mketisheni, mpeni maji"

Unaijua picha hii. Gari limegonga mtu, umati umekusanyika. Mmoja anamvuta mikono, mwingine miguu, wa tatu anasema, "Mkalisheni apate hewa." Mwingine amekimbia kioski kuleta soda au maji ya sukari "ili asizirai." Wote wana nia njema, lakini wanaweza kumdhuru.

Ndani ya mifupa ya shingo na mgongo mna uti wa mgongo, ambao ni kama waya mkuu unaopeleka habari kutoka kwa ubongo hadi miguuni. Mfupa ukiwa umevunjika lakini uti haujakatika, mtu huyo bado ana bahati ya kutembea tena. Ukimkunja, ukamvuta au ukamketisha, mfupa uliovunjika unaweza kuubana au kuukata uti, naye akapooza maisha yake yote. Hapa Nairobi tuna hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo, na ajali za barabarani ni mojawapo ya mambo yanayowafikisha watu huko.

Ufanye nini basi? Kwanza, angalia usalama wako. Wekeni mtu mbele na nyuma wa kusimamisha magari. Zimeni injini. Kama kuna petroli imemwagika, kaa mbali na usiruhusu mtu kuwasha sigara au kuchota mafuta. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Pili, usimwondoe majeruhi alipo isipokuwa kama kuna hatari kubwa zaidi, kwa mfano moto, maji, au magari mengine yanayoweza kumkanyaga. Mwambie asitikise kichwa. Mtu mmoja apige magoti upande wa kichwa, akishike kwa mikono miwili kibaki kimenyooka na mwili. Mfunike na leso au koti asishikwe na baridi.

Tatu, piga simu 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa nambari 1199. Ambulensi ikikosekana na mkalazimika kutumia gari la kawaida, tafuteni gari ambalo mtu anaweza kulala chali, kama vile pick-up au matatu ambayo viti vyake vinaruhusu. Mlazeni juu ya ubao au mlango, na mumwinue watu wanne au watano kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka kama gogo. Msimkunje katika kiti cha nyuma cha teksi, wala msimbebe kwa pikipiki akiwa katikati ya watu wawili.

Akianza kutapika au akiwa amepoteza fahamu lakini anapumua, mgeuzeni alale ubavu. Kichwa, mabega na kiuno vigeuke pamoja, ili matapishi yasimsonge.

Na ile soda? Usimpe. Usimpe maji, chai, maziwa wala tembe. Mtu aliyeumia vibaya anaweza kuhitaji upasuaji, na tumbo lililojaa linaweza kumfanya atapike akiwa amelazwa usingizi, matapishi yakaingia kwenye mapafu. Akilalamika kiu, mlowanishe midomo kwa kitambaa chenye maji. Tena kiu kali baada ya ajali ni dalili tutakayoizungumzia sasa hivi.

Dhana ya pili: "Hana damu, hana neno"

Hii ndiyo inayotupotezea watu wengi. Mtu anatazamwa, hana kidonda, nguo yake haina hata tone la damu. Watu wanasema, "Mshukuru Mungu," kisha kila mtu anakwenda zake.

Lakini damu ina mahali pengi pa kumwagikia ndani ya mwili. Chini ya mbavu upande wa kushoto kuna wengu, na upande wa kulia kuna ini. Viungo hivi ni laini na vimejaa damu. Usukani, mpini wa pikipiki au bampa ya gari ikimpiga mtu tumboni, wengu au ini linaweza kupasuka na ngozi ya juu isionyeshe hata mchubuko. Damu inavuja polepole ndani ya tumbo. Mfupa wa paja au wa nyonga ukivunjika pia, damu nyingi inaweza kupotea ndani ya nyama bila tone kuonekana nje.

Kwa mtoto, hatari ni kubwa zaidi. Mtu mzima ana damu ya kama lita tano. Mtoto wa kilo 12 hana hata lita moja kamili. Fikiria zile pakiti za maziwa za nusu lita unazonunua dukani. Damu yote ya mtoto huyo haijazi pakiti mbili. Akipoteza kikombe kimoja, kwake hilo si jambo dogo.

Dalili za kuvuja damu ndani ni hizi:

- Anakuwa mweupe midomoni, viganjani na ndani ya kope.
- Mikono na miguu ni baridi, na anatokwa na jasho la baridi.
- Moyo unapiga mbio na anapumua harakaharaka.
- Ana kiu kali, anahangaika, hatulii, kisha anaanza kulegea.
- Tumbo linauma, limevimba au ni gumu ukiligusa.
- Anasikia maumivu kwenye bega, hasa la kushoto, ingawa bega halikugongwa.
- Anakojoa mkojo wenye damu, au anatapika damu.

Ukiona hata moja ya dalili hizi, usingoje asubuhi na usingoje baba arudi kazini. Nenda hospitali ambayo ina uwezo wa kupasua na kuongeza damu. Zahanati ndogo ya mtaani inaweza kukusaidia kwa huduma ya kwanza, lakini waulize wazi, "Je, mnaweza kumfanyia upasuaji hapa?" Kwa upande wetu wa Eastlands, hospitali kubwa ya umma ni Mama Lucy Kibaki, na wale wanaohitaji utaalamu zaidi hupelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Jambo lingine: usikimbilie duka la dawa kudungwa sindano ya maumivu na kwenda kulala. Sindano ile inaficha maumivu ambayo yangetuonyesha mahali palipoumia. Aspirini na dawa za aina ya Brufen zinaweza pia kuzidisha uvujaji wa damu. Uchunguzi kwanza, dawa baadaye.

Dhana ya tatu: "Ameamka, anaongea, kwa hivyo kichwa kiko sawa"

Sikiliza hii kwa makini, mama, kwa sababu inahusu watoto sana.

Tuseme mtoto wa miaka saba amegongwa na pikipiki jioni akitoka dukani. Anaanguka, anapoteza fahamu kwa dakika moja, halafu anaamka. Analia kidogo, anakujibu vizuri, anaomba hata chapati. Mwenye pikipiki anakupa shilingi mia tano za dawa na mnaachana kwa amani. Saa mbili baadaye mtoto anasema kichwa kinamuuma. Anatapika. Unasema labda ni ile chapati. Analala mapema. Asubuhi huwezi kumwamsha.

Nini kimetokea? Mshipa wa damu ulio kati ya fuvu na ubongo umekatika. Mwanzoni damu ilikuwa kidogo, ndiyo maana aliamka na kuongea. Lakini fuvu haliwezi kutanuka kama tumbo. Damu inavyoongezeka ndivyo ubongo unavyobanwa. Kile kipindi cha kuongea vizuri kinaweza kuwa cha dakika chache au saa kadhaa. Akifika hospitali katika kipindi hicho, daktari anaweza kuagiza picha ya CT, damu ikaondolewa kwa upasuaji, na mtoto akarudi shuleni. Kwa hivyo mtu yeyote aliyepoteza fahamu baada ya ajali, hata kwa dakika moja tu, lazima apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Watu pia huuliza, "Muuguzi, ni kweli mtoto aliyegonga kichwa asiachwe alale?" Usingizi wenyewe haumuui mtoto. Hatari ni usingizi ambao huwezi kumtoa. Usimpige makofi wala kumwagia maji usiku kucha. Mpeleke akaangaliwe kwanza. Daktari akisema mnaweza kurudi nyumbani, mwache alale, na umwamshe kila baada ya muda aliokuambia. Muulize jina lake, muulize yuko wapi. Akijibu na kutaka kurudi kulala, vyema. Asipoamka, au akiongea mambo yasiyoeleweka, rudi hospitali usiku huo huo.

Kwa siku mbili za kwanza, rudi haraka ukiona mtoto:

- Anatapika tena na tena.
- Ana maumivu ya kichwa yanayozidi.
- Amekuwa mzito, mlegevu, au haamki.
- Anapatwa na degedege.
- Mkono au mguu mmoja umekuwa dhaifu, au anapepesuka akitembea.
- Mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jicho lingine.
- Anatokwa na damu au majimaji puani au masikioni.

Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Kwake angalia utosi kama umevimba, kilio kikali kisicho cha kawaida, na kama anakataa kunyonya.

Na lile nundu? Wengine hulikanda kwa kijiko cha moto au kulisugua "ili damu isigande." Usilisugue. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Tena ukubwa wa nundu haukuambii ubongo uko vipi. Nundu kubwa huenda likawa la ngozi tu, na kichwa kisicho na nundu kikawa kimeumia ndani.

Dhana ya nne: "Weka kahawa, damu itakatika"

Kahawa, sukari, unga, mafuta taa, dawa ya meno, tumbaku, udongo, hata oili ya gari. Vyote hivi tumevikuta ndani ya vidonda. Havizuii damu. Vinaingiza uchafu, vinachoma nyama, na daktari analazimika kuviosha kwanza kabla ya kushona, huku mgonjwa akiumia mara mbili.

Damu huzuiwa kwa kukandamizwa. Chukua kitambaa safi, leso au fulana iliyofuliwa, ukunje, uweke juu ya kidonda, ukandamize kwa nguvu kwa dakika kumi bila kufunuafunua. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, usitoe cha kwanza. Kisha funga vizuri. Jikinge kwa glavu, na kama huna, vaa mfuko safi wa plastiki mkononi.

Ikiwa kitu kimedungwa mwilini, kama kipande cha kioo au chuma, usikichomoe. Huenda hicho ndicho kinachoziba mshipa. Kizungushie vitambaa kisitikisike, na umpeleke hivyo hivyo.

Dhana ya tano: "Anaweza kusogeza vidole, mfupa haujavunjika"

Mtu anaweza kusogeza vidole, hata kutembea, akiwa amevunjika. Kwa watoto ndiyo zaidi, kwa maana mifupa yao bado ni laini na huvunjika nusu, kama kijiti kibichi ambacho hukunjika bila kukatika vipande viwili. Mtoto asiyetaka kuutumia mkono wake siku ya pili baada ya ajali, usimwambie anadeka. Anahitaji eksrei.

Najua kuna wazee na akina mama wanaosifika kwa kukanda mifupa. Ninawaheshimu. Lakini mfupa uliovunjika hauonekani kwa vidole. Ukikandwa, ncha zake zinaweza kukata mishipa ya damu na ya fahamu. Bendeji na vijiti vikikazwa mno, damu haifiki vidoleni, na tunaweza kulazimika kuukata mkono ambao ulihitaji plasta tu. Kabla ya hospitali, funga kiungo kama ulivyokikuta kwa ubao, gazeti lililokunjwa au kadibodi, bila kukinyoosha. Vidole vikiwa baridi, vyeusi au vimekufa ganzi, legeza kidogo na ufanye haraka.

Dhana ya sita: "Pepopunda ni ya msumari wenye kutu"

Wadudu wa pepopunda wako kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama. Mchubuko wa lami unatosha kuwaingiza. Kidonda kidogo kioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo. Mtoto aliyepata chanjo zake za wiki 6, 10 na 14 ana kinga, lakini kwa kidonda kichafu huenda akahitaji kuongezewa. Beba kijitabu chake cha kliniki.

Dhana ya saba: "Mkanda unambana mtoto tumboni"

Mama mjamzito, dhana hii ni yako. Wengi wenu hamfungi mkanda mkihofia kumuumiza mtoto. Ukweli ni kwamba mkanda uliofungwa sawasawa unawalinda ninyi wawili. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Usiipitishe juu ya tumbo. Sehemu ya juu, kama ipo, ipite kati ya matiti na kando ya tumbo.

Na ukipata ajali, hata ile ndogo ya matatu kugongwa nyuma, usiseme, "Mtoto anacheza, yuko sawa." Tumbo likitikiswa kwa nguvu, kondo la nyuma linaweza kuanza kubanduka kutoka kwa ukuta wa mji wa mimba, pengine saa kadhaa baada ya ajali, wakati wewe umekwisha kufika nyumbani. Nenda ukapimwe, hasa kama mimba imepita miezi mitano. Ukiona damu, maji yakimwagika, tumbo likiwa gumu kama ubao, uchungu, au mtoto amepunguza kucheza, hiyo ni dharura. Ukiwa njiani, lala kwa ubavu wa kushoto. Mwambie daktari kundi lako la damu. Kama ni lile liitwalo hasi, huenda ukahitaji sindano maalum ya kukukinga wewe na mimba zijazo.

Dhana ya nane: "Polisi kwanza, hospitali baadaye"

Watu wanaogopa kumsaidia majeruhi wakidhani watashikwa, au wanaamini hospitali haitamgusa bila karatasi ya polisi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Fomu ya P3 ni ya mahakama. Si tikiti ya kuingilia hospitalini. Matibabu kwanza, halafu mtu mwingine wa familia aende kituo cha polisi kuripoti.

Hata hivyo, weka kumbukumbu. Andika nambari ya gari, jina la saco kama ni matatu, na mahali na saa ya ajali. Hifadhi karatasi zote za hospitali. Sheria ya Kenya inataka kila gari barabarani liwe na bima ya kuwalipa watu wengine wanaoumizwa, na aliyegongwa akitembea kwa miguu yumo. Lakini jihadhari na mabroka wanaozunguka wodini. Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

Dhana ya tisa: "Nitamshika kwa mikono yangu"

Mama, najua mikono yako ina nguvu. Imebeba mitungi ya maji na magunia ya sukuma wiki kutoka Muthurwa. Lakini gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, mtoto wa kilo 10 anakuvuta kama mzigo wa kilo 150 hivi, yaani zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi, kwa kufumba na kufumbua. Hakuna mkono unaoweza kuushika mzigo huo.

Tangu tarehe 1 Februari 2004, kwa zile sheria tulizoziita za Michuki, matatu zinatakiwa ziwe na mikanda kwa kila abiria. Wengi tunaufunga tukiona polisi, kisha tunaufungua. Wengine tunaukataa kwa sababu ni mchafu. Beba kitambaa, upanguse, ufunge.

Mtoto anayeweza kukaa peke yake, mlipie kiti chake na umfunge mkanda. Kama ni mchanga, funga mkanda wako wewe, yeye umpakate nje ya mkanda. Usijifunge pamoja naye, kwa maana mwili wako utamponda. Usikae kiti cha mbele na mtoto, wala usimfunge mgongoni ukiwa umeketi. Familia yenye gari, nunueni kiti cha mtoto na kifungwe nyuma.

Kwa boda boda, sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Mtoto akiwekwa juu ya tangi la mafuta, yeye ndiye atakayetangulia kugonga chochote kilicho mbele.

Dhana ya kumi: "Pale mahali pana pepo, panataka damu"

Kila mtaa una kona yake inayosemwa hivyo. Mimi nakuomba uitazame kwa macho ya kawaida. Je, kuna taa? Kuna matuta? Watu wanavukia wapi? Gari likiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Hiyo ndiyo inayomwaga damu, na kwa hiyo tunaweza kufanya jambo. Tumieni madaraja ya wapita njia kule Outer Ring hata kama ngazi zinachosha. Mtoto mdogo mshike kwenye kifundo cha mkono, si kidole. Watoto walio chini ya miaka kumi hivi bado hawawezi kukisia vizuri mwendo wa gari, kwa hivyo usimtume ng'ambo ya barabara kubwa kununua maziwa. Na kama pale mahali hapana tuta wala taa, akina mama wa ploti mwandikieni MCA wenu kwa pamoja.

Neno la mwisho

Baada ya ajali, watoto wengine huanza kukojoa kitandani, kuota ndoto mbaya au kulia wakisikia honi. Hawajarogwa, na hawahitaji kiboko. Wameogopa. Kaa karibu nao, waache waeleze, warudishe kwenye ratiba yao ya kawaida. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja, waone wahudumu wa afya.

Tukumbuke basi mambo matano:

1. Usimvute wala kumketisha majeruhi. Usimpe chochote kinywani.
2. Damu inayovuja nje, kandamiza kwa kitambaa safi.
3. Kutoonekana damu si kupona. Angalia weupe, baridi, kiu na tumbo gumu.
4. Aliyepoteza fahamu, hata dakika moja, aende hospitali leo.
5. Mjamzito yeyote aliyepata ajali akapimwe, hata kama hasikii maumivu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Katika mtaa wetu, ni hospitali gani iliyo karibu inayoweza kupasua na kuongeza damu usiku? Tutafikaje huko?
- Nani katika ploti yetu ana gari, na je, nambari yake ya simu tunayo?
- Ni dhana gani kati ya hizi ambayo wewe mwenyewe umeisikia nyumbani kwenu?

Bandika nambari 999, 112 na 1199 nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuzisoma. Mfundishe leo jinsi ya kutaja mtaa wenu, jina la ploti na kitu kinachojulikana karibu nanyi, kama kanisa, msikiti au shule, ili msaada uwapate.